Dondoo muhimu: Kejeli ipi kwa Kiingereza?

Mwanafunzi anayeandika insha ya Kiingereza asichague neno kwa ukali wa kicheko, aangalie anayelengwa. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, inaanika utawala dhalimu kupitia nchi ya kubuni: hiyo ni satire. Vikaragosi vya The XYZ Show, kipindi cha televisheni kilichoanza Kenya 2009, viliiga sura na sauti za wanasiasa. Uigaji huo ni parody. Utasema navyo viliwachapa watawala. Kweli, ndiyo maana kazi moja hubeba majina mawili: moja la mbinu, jingine la shabaha. Kumwambia aliyefika sokoni jua likizama “leo umewahi kweli” ni sarcasm, nayo huuma. Utani wa watani, wenye ridhaa pande zote, ni banter, usiuite mockery.