Kuipiga Picha Dar es Salaam Kutoka Kigamboni

Dar es Salaam ni jiji gumu kulipiga picha ukiwa ndani yake. Mitaa ya katikati ni myembamba, maghorofa yamebanana, na ukiinua kamera unaambulia kipande cha ukuta na nyaya za umeme. Vuka maji mambo yabadilike. Ukisimama ufukweni Kigamboni, karibu na kituo cha pantoni, jiji lote liko mbele yako, kuanzia Magogoni hadi bandarini. Haya ni baadhi ya maswali ninayoulizwa na wapigapicha wanaoanza.

Kaka, mbona kila nikipiga machweo majengo yanatoka meusi?

Kwa sababu wewe uko mashariki na jiji liko magharibi yako. Jua linazama nyuma ya majengo, hivyo upande unaoutazama ndio ulio kivulini. Kamera haimudu kuonyesha anga linalowaka pamoja na ukuta ulio gizani kwa mpigo mmoja, nayo huchagua anga. Kama unachotaka ni vivuli vyeusi na wingu jekundu, piga. Ila picha hiyo imeshapigwa mno, na anayeitazama hajui kama ni Dar au ni mji mwingine wowote.

Nenda alfajiri. Jua huchomoza upande wa bahari, mgongoni kwako, kati ya saa 12:00 na saa 12:35 asubuhi kutegemea msimu, na mwanga wake wa kwanza unaangukia nyuso za majengo ya Kivukoni, ufukwe wa jiji ulio ng'ambo, moja kwa moja. Hapo ndipo jiji linajitambulisha. Vioo vya minara pacha iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF na vya jengo la Bandari, yote yakiwa na ghorofa zaidi ya 30, vinarudisha rangi ya dhahabu. Chini yake, paa la vigae vyekundu la kanisa la Azania Front linawaka, na mnara wa Mtakatifu Yosefu unajitokeza. Makanisa hayo mawili yalikamilika mnamo 1902, enzi za Wajerumani, na kwa miaka mingi ndiyo yaliyotangulia kuonekana na aliyeingia kwa meli. Leo yamezama katikati ya maghorofa, na kwangu mimi picha ya Dar isiyoonyesha yote mawili, paa la kale na kioo kipya, imekosa kitu kikubwa.

Faida nyingine ya asubuhi ni upepo. Iwe majira ya kusi au ya kaskazi, mara nyingi maji huwa yametulia kabla jua halijapanda. Kufikia saa nne yameshakorogeka.

Kwa hiyo jioni niache kabisa?

Usiache. Chelewa kuondoka. Wengi hukunja stendi jua likishatua, na ndipo kazi inapoanza. Dakika 15 hadi 20 baadaye anga linakuwa la buluu nzito, taa za madirishani zimewaka, na nguvu ya mwanga wa juu na wa chini inakaribiana. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu wima, kwa hiyo muda huo ni mfupi kuliko Ulaya. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni; ikipita nusu saa, anga ni jeusi na majengo yamebaki madoa ya taa. Pata fremu yako mapema, simika stendi kwa kuzamisha miguu yake mchangani, weka ISO 100 na f/8, anza na sekunde 2, ongeza kadiri giza linavyoingia. Tumia taima ili kidole chako kisitikise kamera.

Tazama pia maji yenyewe. Taa moja ya ghorofani haiachi nukta majini. Inaacha mchirizi mrefu unaokuja hadi miguuni pako, kwa kuwa kila kiwimbi kinarudisha mwanga kwa pembe yake. Sekunde 4 au 5 zinatosha kuilainisha michirizi hiyo. Ukienda hadi 30, maji yanapoteza uhai. Na pantoni likikatiza usiliogope: fungua shata likiwa njiani, taa zake zichore mistari.

Nimeisawazisha kamera vizuri, bado picha imelala. Tatizo nini?

Unaufuata ukingo wa ng'ambo kana kwamba ni upeo wa macho. Siyo. Ukingo wa Kivukoni unapinda ukienda mbali nawe, na sehemu iliyo karibu huonekana chini zaidi kwenye fremu kuliko iliyo mbali. Ukiunyoosha ukingo, utayainamisha majengo. Pima kwa ghorofa lililo katikati ya fremu: likisimama wima, umemaliza.

Maji yakiwa yamekupwa nisisumbuke kwenda?

Maji yakipwa sana hubaki mawe, kamba za mashua na takataka mbele ya jiji. Fuata mwezi, kama wavuvi wa soko la Feri. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa saa kumi hivi alfajiri na saa kumi jioni, hivyo jua linapochomoza au kuzama yameanza kupwa lakini bado ni mengi, na mchanga yaliouacha umelowa na unang'aa.

Bamvua ya mwezi mpevu ina zawadi nyingine. Asubuhi ya mwezi 14 au 15, mwezi unatua magharibi, juu ya jiji, huku jua likichomoza nyuma yako. Desemba na Januari hutua kaskazini kidogo ya magharibi, palipo na majengo; Juni na Julai husogea kushoto, kuelekea bandarini. Chukua lenzi ya milimita 200, la sivyo mwezi utakuwa punje.

Kanuni hiyo ya asubuhi inafaa na Mji Mkongwe wa Zanzibar?

Hapana, geuza. Forodhani, ufukwe wa mbele wa Mji Mkongwe, inatazama magharibi. Panda mashua alasiri, jua likiwa nyuma yako. Mnara wa jumba la Beit el Ajaib lililopo hapo ulianguka Desemba 2020, kwa hiyo picha za zamani zisikuongoze kupanga fremu.

Dada yangu ana simu tu. Ajaribu?

Ajaribu. Afute lenzi kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana chumvi ya pwani hufanya ukungu kuzunguka kila taa. Asivute kwa zumu. Akiwa ndani ya pantoni apige mchana tu, sitaha inatetemeka.

Kuna sehemu nisizoruhusiwa kupiga?

Zipo, na ni muhimu kuzijua kabla ya kufungua mkoba. Ikulu iko Magogoni, kulia kwako unapotazama jiji. Iache nje ya fremu. Kigamboni pia kuna jeshi la wanamaji. Msalimie mlinzi, mweleze unachopiga, mwonyeshe kioo cha kamera. Akisema hapana, sogea. Droni usiirushe bila kibali. Anzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA.