Vijiti Vimejaa, Wala Hakuna Anayejibu

Katika kikao kimoja cha wananchi na polisi kilichofanyika kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mzee aliyekuwa akiongoza ulinzi wa usiku kijijini mwake alisimama, akaiweka redio ya mkononi juu ya meza mbele yangu, akasema: "Afande, chukua kitu chako. Usiku ule tuliwaita mara tatu. Mlitusikia, mkanyamaza." Ng'ombe wawili walikuwa wameibwa saa tisa usiku, na kijana mmoja aliyewafuata wezi alikuwa amekatwa panga mkononi. Nilipomwuliza mzee alijuaje kwamba tulimsikia, alijibu bila kusita: "Nilitazama kioo. Vijiti vyote vilikuwa vimejaa."

Niliporudi kituoni nilifungua daftari la chumba cha redio. Askari wa zamu alikuwa ameandika kwa saa ile maneno matatu tu: "Mkwaruzo, hakuna maneno." Mzee hakusema uongo, wala askari hakuwa amelala. Hata hivyo kijiji kizima kilikuwa kimekwisha amini kwamba polisi waliwatupa, na imani ya namna hiyo huchukua miaka kung'oka. Somo la toleo hili linahusu vijiti hivyo: vinapima nini, na nini hasa havipimi. Nalileta kwa askari na kwa walinzi wa vijiji pamoja, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote, na kwa sehemu kubwa lilikuwa langu mimi niliyewafundisha.

Katika kioo cha redio nyingi za mkononi huonekana alama ya antena, na kando yake vijiti vinne au vitano vinavyopanda kama ngazi. Kwa kuwa sote tumezoea simu, tunavisoma kama tunavyosoma vya simu: vikijaa, mtandao upo, naweza kupiga. Hapo ndipo tunapopotea. Mnara wa simu hutoa mawimbi wakati wote, usiku na mchana, hata kama hakuna anayezungumza. Kwa hiyo simu ina kitu cha kupima kila dakika. Redio ya kawaida ya analogi haina kitu hicho. Pasipo mtu anayesema katika chaneli, hakuna wimbi hewani, na vijiti havina budi kulala. Mtu asiyejua jambo hili huona kioo kitupu akadhani yuko nje ya eneo, kumbe wenzake wamenyamaza tu. Mifumo mikubwa ya kisasa, kama ile iitwayo TETRA, ina chaneli maalumu ya uongozi isiyonyamaza, na vijiti vyake hufanana zaidi na vya simu. Basi swali la kwanza la mwenye redio liwe: redio yangu ni ya aina gani?

Swali la pili ni zito zaidi. Vijiti hupima nguvu ya wimbi linaloingia katika redio yako. Vinakuambia jinsi unavyomsikia mwenzako. Havikuambii hata kidogo jinsi yeye anavyokusikia wewe.

Mtu aweza kusema kwamba njia ni moja, milima ni ile ile, kwa hiyo ninayemsikia vizuri naye atanisikia vizuri. Kuhusu njia yenyewe asemalo ni kweli: ukuta au mlima unaopunguza mawimbi yanayokuja hupunguza kwa kiasi kile kile yanayokwenda. Lakini sauti zinazotumwa katika njia hiyo hazilingani. Sisi hatusemezani ana kwa ana. Redio zetu hupitia ripita, yaani mtambo uliowekwa mahali pa juu ambao hupokea wimbi dhaifu la redio ya mkononi, kisha hulitoa upya kwa nguvu. Ripita yaweza kutoa wati 50. Redio ya mkononi hutoa wati 4 au 5. Ni kama kuzungumza na mtu mwenye kipaza sauti aliye juu ya kilima: wewe ulio bondeni utasikia kila neno, na ukimjibu kwa sauti ya kawaida, yeye ataona midomo yako tu.

Tena kilele kina kelele zake. Ukitazama ukingo wa Wanale unaoinuka juu ya mji wa Mbale utaona minara imesimama huko, na ndivyo ilivyo katika vilele vingi vya Uganda, kwa sababu kila mwenye mtambo hutafuta mahali pa juu. Pale ambapo mitambo mingi hutoa mawimbi bega kwa bega, masikio ya ripita yaweza kuzibwa na makelele ya jirani zake, na wimbi lako dogo kutoka bondeni likapotelea humo. Kioo chako hakina njia ya kuyajua hayo.

Wapiga simu za upepo wa zamani waliyajua vizuri. Katika vifupisho vyao vya kazi walikuwa na alama mbili tofauti: QSA kwa nguvu ya wimbi, na QRK kwa uwazi wa ujumbe, kila moja ikihesabiwa kuanzia 1 hadi 5. Waliyatenga mambo haya kwa sababu wimbi laweza kuwa na nguvu na maneno yasieleweke, au likawa dhaifu na kila neno likafika. Nao hawakuisoma taarifa hiyo katika chombo chao wenyewe. Waliambiwa na aliyekuwa upande wa pili.

Je, vijiti hivyo vimepimwa kwa kipimo gani? Kwa redio za wapenzi wa mawasiliano kipo kipimo kinachojulikana. Mwaka 1981 umoja wao wa kimataifa, kwa kanda yake ya kwanza ambayo ndani yake imo Afrika, ulipendekeza kwamba katika masafa yaliyo juu ya megahezi 30, alama ya 9 iwe sawa na mikrovolti 5 katika mdomo wa antena, na kila alama ishuke kwa desibeli 6, maana yake robo ya nguvu ya alama iliyo juu yake. Vijiti vya redio ya mkononi havina mapatano ya namna hiyo. Kila kiwanda huamua chenyewe kijiti cha tatu kiwake lini. Baya zaidi, redio nyingi za bei nafuu zina majibu mawili tu: zikipokea wimbi lolote, hata linaloponea chupuchupu, huwasha vijiti vyote, zisipopokea, huvizima vyote. Nyingine huwasha vijiti hivyo hivyo unapobonyeza kitufe cha kusemea, na hapo zinaonyesha nguvu inayotoka katika redio yako mwenyewe. Taa nyekundu nayo ina habari moja tu: kwamba unatoa mawimbi. Habari ya kufika haimo ndani yake.

Nilipokwisha kuyakumbuka haya, nilipanda kijijini nikiwa na redio mbili, nikamwacha mwenzangu chumba cha redio. Mzee alinipeleka mahali aliposimama usiku ule, nyuma ya zizi, chini ya ukuta wa mwamba. Mwenzangu aliposema, vijiti vilijaa. Nilipoita mimi, alisikia mkwaruzo, na baadaye hakusikia kitu. Tulitoka pale tukapanda hadi uwanja wa kanisa, mwendo wa dakika nne hivi. Nikaita tena, naye akanisoma neno kwa neno. Nikamwonyesha mzee kioo cha redio katika sehemu zote mbili. Vijiti vilikuwa vimejaa nyuma ya zizi, na vilikuwa vimejaa uwanjani. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Sasa hiki kinatusaidia nini?"

Kinasaidia, mradi kiulizwe kinachokijua. Kikionyesha kijiti kimoja wakati kituo kinasema, una hakika kwamba uko pabaya: ikiwa sauti kubwa ya ripita inakufikia kwa shida, sauti yako ndogo ina nafasi finyu zaidi ya kufika. Kikionyesha vyote, una hakika kwamba utayasikia maagizo, na hakuna zaidi.

Ripita nyingi za analogi zina tabia moja inayofaa sana kwa mtu aliye peke yake usiku. Ukimaliza kusema na kuachia kitufe, ripita iliyokupokea huendelea kutoa mawimbi kwa nukta moja au mbili kabla ya kunyamaza. Basi achia kitufe, tega sikio, tazama kioo. Vijiti vikiwaka kidogo kisha vikazimika, ukasikia na mlio mfupi wa kukatika, wimbi lako limefika mlimani. Kioo kikibaki kitupu, hukufika. Usirudie kuita ukiwa umesimama pale pale. Kwa maoni yangu, huku ndiko kusoma vijiti kwenye faida kuliko kote, nami sikukufundisha kwa miaka mingi.

Kabla ya kuhama kijiji, jaribu kuhama hatua moja. Katika masafa ya megahezi 150 urefu wa wimbi ni mita 2, na mawimbi yanayogonga miamba na mabati hukutana na kuuana mahali pamoja, yakaongezana mahali pengine pasipo mbali. Isimamishe redio wima, antena ikitazama juu, kwa kuwa antena ya ripita nayo imesimama wima. Anayeilaza redio mbele ya mdomo kama anayekula muhindi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Usiishike antena kwa kiganja. Iondoe kiunoni, maana mwili wa binadamu humeza mawimbi. Kisha panda: mita chache za mwinuko hushinda kelele zote za kuita.

Betri nayo hudanganya kwa njia yake. Kupokea kunahitaji umeme kidogo, kutoa kunahitaji mwingi mara nyingi zaidi. Betri iliyochoka saa tisa usiku yaweza kukusikilizisha mazungumzo ya wilaya nzima huku vijiti vya mawimbi vikiwa kamili, na unapobonyeza kitufe redio ikazimika. Walinzi wasichanganye alama ya betri na alama ya antena. Nimeona zikichanganywa hata na askari wenye vyeo.

Wenye redio za dijitali wana jambo lao. Analogi humwonya msikilizaji: sauti huanza kukoroma, koromo likazidi, mtu akajua kwamba anaelekea ukingoni. Dijitali husikika safi mpaka karibu na ukingo, kisha hukatika ghafla. Huko ushuke wa vijiti uchukuliwe kuwa onyo la mapema, kwa sababu sikio halitakuonya.

Sasa zamu ya chumba cha redio. Neno "nakusikia" peke yake halitoshi. Mlinzi anapojaribu redio jioni, ajibiwe kwa tarakimu mbili: "Nguvu nne, uwazi tatu." Askari akisikia mkwaruzo usio na maneno, asiishie kuandika daftarini. Aseme hewani: "Kituo kilichoita, sikukusoma. Panda juu, uite tena." Kumbukeni kwamba mlinzi aliye bondeni anayasikia maneno hayo vizuri kabisa, vijiti vyake vimejaa. Laiti yangesemwa usiku ule, mzee angejua la kufanya, na yule kijana pengine asingewakimbilia wezi peke yake. Pale redio isipofika kabisa, zipo namba 999 na 112 kwa mwenye simu, na upo mguu wa kijana mwenye mbio.

Niongeze kwa kifupi: redio hizi ni za kituo. Asitokee mtu akanunua ya sokoni na kuingia nayo katika masafa yetu. Matumizi ya masafa yana kibali chake, kinachotolewa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Mzee aliichukua redio yake siku ile ile. Wiki iliyofuata yeye na vijana wake walizunguka kijiji chote, wakaita kutoka kila mahali pa lindo, na katika kila mahali wakaandika tarakimu mbili walizopewa na chumba cha redio. Nyuma ya zizi waliandika sifuri. Mahali patatu walipaka mawe chokaa nyeupe ili paonekane gizani: uwanja wa kanisa, kona ya juu ya shule, na kichuguu kilicho kando ya njia ya kisimani. Nakala ya orodha hiyo imebandikwa ukutani katika chumba cha redio, juu ya meza ya askari wa zamu.