Kupima Senti ya Shaba Iliyochakaa

Mwaka huu sikuleta shairi. Nimeleta habari za senti moja kuukuu ya Marekani, niliyopewa na mjomba aliporudi kutoka masomoni huko, nami nikaiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa nyeusi, laini kama kokoto ya mtoni. Ati nikaona haya kuwaonyesha watu kitu kichafu namna ile! Nikaisugua kwa limau na majivu hadi ikang'aa kama sufuria mpya, kisha nikampelekea mwalimu wetu wa Historia, ambaye hukusanya sarafu, nikitarajia sifa. Akaigeuza, akaguna. "Nani alikutuma kuiosha?" Akaniketisha karibu na dirisha, na somo lenyewe ndilo hili.

Senti kubwa za shaba zilitengenezwa Philadelphia tangu 1793 hadi 1857. Shaba ni laini, na zilipita mikononi mwa watu wengi, basi nyingi zimebaki vipara. Je, kipara utakitambuaje? Iinamishe sarafu ili mwanga uipate kutoka ubavuni. Lo! Maandishi niliyodhani yamekwisha yakatokea kama vivuli. Nikaona kichwa cha mwanamke kikitazama kulia, na chini yake tarakimu 1, 8 na nusu ya sifuri. Nyuma, chini ya shada la majani, palikuwa na 1/100. Kumbe hayo yanatosha! Kuanzia 1808 kichwa kilitazama kushoto, na ile sehemu ya mia ikaondolewa. Kwa hivyo yangu ni ya kati ya 1800 na 1807, hata kama tarakimu ya mwisho imekwenda na maji.

Sasa alama. William Sheldon, aliyeandika kitabu juu ya senti hizi mwaka 1949, ndiye aliyeanzisha kipimo cha 1 hadi 70. Kilikuwa hesabu ya bei: sarafu ya alama 1 ikiuzwa dola moja, ile ya 70 iuzwe dola sabini. Sarafu yenye alama 4 huitwa "nzuri"! Hapa kwetu ukipata 4 kwa 70 utatumwa nyumbani kumleta mzazi. Lakini 4 ina masharti yake: umbo la kichwa lionekane lote, na mwaka na neno LIBERTY, yaani uhuru, visomeke hata kwa shida. Ukingo ukishaanza kula herufi na mwaka ukififia, shuka hadi 3. Ikiwa kinachotambulika ni aina ya sarafu tu, basi ni 1.

Nikasema yangu ni 3. Mwalimu akakubali, nikafurahi. Kumbe kuna hesabu ya pili! Wapenzi wa senti hizi wakishapima uchakavu, hupunguza alama kwa ajili ya mikwaruzo, kutu, na hasa kusuguliwa. Weusi ule niliouita uchafu ulikuwa ngozi ya shaba, iliyojijenga kwa miaka mingi, na sasa mahali pake pana mikwaruzo ya majivu. Mwalimu akaandika 3 kwa penseli, akaikata, akaandika 1.

Nimeifunga senti yangu katika karatasi kavu. Ukingoni imeanza kuwa hudhurungi kidogo. Mjomba atakuja Disemba, na bado sijamwambia.