Picha kama Chombo cha Kupimia: Mafunzo ya Akiolojia kutoka Isimila

Msafiri atokaye Iringa mjini kwenda Mbeya hupita, baada ya kilomita 20 hivi, karibu na korongo la Isimila. Hapo ndipo mwaka 1951 D. Maclennan kutoka Afrika Kusini alipookota zana za mawe zilizofichuliwa na mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichimba mahali hapo, wakapata mashoka ya mkono ya utamaduni wa Acheul. Vipimo vya urani vilivyofanywa baadaye vilikadiria umri wake kuwa miaka 260,000 hivi.

Mvua iliyozifichua zana hizo ndiyo pia inayozihamisha. Jiwe likiondoka katika tabaka lake haliwezi tena kutueleza lililala pamoja na nini, wala chini ya nini. Mchimbaji naye hubomoa anapotafuta, kwani tabaka lililokwisha kuchimbwa halichimbiki mara ya pili. Kwa hiyo, katika akiolojia picha si pambo la ripoti, bali ni sehemu ya ushahidi. Katika makala hii tutaeleza jinsi picha inavyogeuzwa kuwa kipimo, na mahali uwezo wake unapokoma.

Picha moja na kipimo chake

Picha ya jiwe pekee haituelezi kama jiwe hilo lina ukubwa wa kidole au wa kiatu. Ndiyo maana mtaalamu huweka rula kando ya kitu anachokipiga picha. Tuchukue mfano. Katika picha, rula ya sm 10 ina urefu wa mm 25, na shoka la mkono lina urefu wa mm 45. Kila milimita ya picha basi ni sm 0.4 za kweli, na urefu wa shoka ni 45 × 0.4, yaani sm 18.

Hesabu hii ni sahihi kwa sharti moja: rula na kitu viwe katika umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Rula ikilazwa chini zaidi ya kitu itaonekana fupi kuliko ilivyo, na jibu litakuwa kubwa mno. Mwanga nao una kazi yake. Ukitoka upande, hutupa vivuli vidogo katika makovu ya jiwe, na hapo huonekana wapi mhunzi wa kale aligonga.

Kutoka picha nyingi hadi umbo kamili

Macho yetu mawili hutazama kitu kutoka mahali pawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo hutuwezesha kukadiria umbali. Fotogrametria, yaani upimaji kwa njia ya picha, hufuata kanuni hiyo hiyo. Kitu hupigwa picha nyingi kutoka pande zote, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, kwa kawaida zaidi ya asilimia 60. Kompyuta hutafuta alama zilezile katika picha mbalimbali, hukokotoa kamera ilisimama wapi, kisha hujenga umbo lenye urefu, upana na kina. Kamera ikipandishwa kwa ndege isiyo na rubani, korongo zima laweza kupimwa. Picha za msimu mmoja zikilinganishwa na za msimu mwingine, hujulikana ni udongo kiasi gani umechukuliwa na maji, na kutoka wapi.

Faida yake ilionekana Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ambako nyayo za miaka milioni 3.66 zilifukuliwa mwaka 1978 na 1979, kisha zikafukiwa ili zihifadhiwe. Zilipofunuliwa tena mwaka 1995 na 1996 kwa ajili ya matengenezo, zilipimwa kwa picha kabla ya kufukiwa upya. Nyayo nyingine, zilizotangazwa mwaka 2016 na kundi lililoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilijengewa maumbo ya kompyuta. Hivyo watafiti waweza kupima kina cha unyayo bila kuugusa.

Kuona kilichofifia

Karibu na Iringa mjini, katika mwamba wa Igeleke, kuna michoro ya rangi nyekundu ambayo jua na maji vimeichakaza. Kwa michoro ya namna hii hutumika programu ya DStretch, iliyotungwa na Jon Harman. Programu hiyo huzidisha tofauti ndogo za rangi katika picha, na mstari ambao jicho liliudhania kuwa doa la mwamba huweza kujitokeza. Hata hivyo haiongezi rangi isiyokuwapo, na mtafiti hana budi kurudi mwambani kuhakikisha.

Mipaka ya picha

Picha huhifadhi umbo na mahali, lakini haihifadhi mata. Hatuwezi kupima urani katika picha, wala kuchunguza chembe za chavua zilizomo katika udongo. Kizazi kijacho kitakuwa na vipimo tusivyovijua leo, nacho kitahitaji udongo na mawe yenyewe. Picha elfu moja za Isimila hazitatosha iwapo Isimila yenyewe itakwisha kuchukuliwa na maji na mikono ya watu. Wanafunzi wanaozuru mahali hapo wapige picha na kuacha kila jiwe lilipo. Uchimbaji na ukusanyaji wa masalio huhitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Kazi ya darasani

1. Weka jiwe juu ya meza, rula ikiwa kando yake. Lipige picha, kokotoa urefu wake, kisha ulipime. Eleza tofauti uliyoipata.

2. Rudia zoezi hilo rula ikiwa sakafuni, chini ya meza. Kosa limeongezeka kwa kiasi gani, na kwa nini?

3. Chagua mfereji wa maji ya mvua ulio karibu na shule. Upige picha kutoka mahali palepale mwanzoni na mwishoni mwa msimu wa mvua. Ni nini kimebadilika, na ni nini ambacho picha haikuweza kuonyesha?