Dondoo muhimu: Kuruka mistari katika APL

Kabla ya kuandika mruko wowote, jiulize kama unauhitaji kweli. APL, lugha ya kuandikia programu iliyotokana na kazi ya Kenneth Iverson, hushughulikia vekta nzima kwa mpigo mmoja. Ukitaka kupunguza asilimia 10 kwa kila bei inayozidi 1000 katika vekta BEI, andika BEI-0.1×BEI×BEI>1000. Hesabu huanzia kulia: ulinganisho hutoa 1 au 0 kwa kila bei, na zile zenye 0 hazipunguzwi chochote. Hapo hujahitaji kitanzi wala sharti.

Mruko ukiwa wa lazima, andika →(N>5)/MWISHO. Sharti likitimia, programu huenda kwenye lebo MWISHO. Lisipotimia, kinachobaki ni vekta tupu, na mshale uliopewa vekta tupu hauruki popote. Mstari unaofuata huendelea. Tafadhali tumia lebo, usitaje namba ya mstari: ukiongeza mstari mmoja juu, namba zote za chini husogea na mruko wako huangukia pasipostahili. Isipokuwa sifuri: →0 humaliza funksheni papo hapo.

Kwenye Dyalog APL, masharti marefu husomeka vizuri zaidi kwa :If na :EndIf.