Kulipa Ufundi Mara Mbili

Gari la ushirika wetu limevunjika springi ya nyuma. Mahindi yako ghalani, yanangoja kwenda sokoni. Springi mpya tumenunua. Fundi anataka shilingi 60,000 za ufundi.

Je, tunalipia nini? Fundi hupandisha gari kwa jeki. Hutoa gurudumu, kisha hufungua nati zinazobana springi. Nati hizo hushikwa na kutu. Hapo ndipo jasho humtoka! Kufunga springi mpya si kazi ndefu.

Sasa tazama bushi. Hizi ni mpira mdogo ulio kwenye tundu la ncha ya springi. Springi ikiwa chini, kuzibadilisha ni kazi ndogo. Tukiziacha kuukuu, zitakwisha. Fundi atafungua springi ile ile tena, naye atadai ufundi tena.

Ulizeni bei kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa. Gari likiwa juu ya jeki, hamwezi kulipeleka kwa fundi mwingine.

Hesabu: Fundi anataka shilingi 60,000 kwa springi. Akibadilisha bushi siku hiyo hiyo, anaongeza 5,000. Jumla ni ngapi? Akifungua springi mara mbili, tutalipa ngapi?