Kipimo Kisipotee Njiani: Maswali na Majibu Kuhusu Data ya Kiwanda, Kutoka Getiwei Hadi Winguni

Kiwanda kikitaka kufunga sensa kwenye mitambo, wenye mali huuliza kwanza bei ya sensa, kisha bei ya hifadhi ya mtandaoni. Njia iliyo katikati, ile inayobeba kipimo kutoka kwenye mtambo hadi winguni, hufikiriwa mwisho, na huko ndiko data nyingi hupotelea. Majibu haya ni ya mafundi, mameneja na wahasibu wanaotaka kuielewa njia hiyo. Mfano wetu ni kiwanda cha chai cha nyanda za juu, mahali ambapo umeme hukatika na mtandao wa simu huyumba. Ushauri ninaousimamia ni mmoja: panga njia yako kwa ajili ya siku ambayo mtandao haupo.

Swali: Mimi ni fundi umeme. Kwa nini sensa zisitume data moja kwa moja winguni, mpaka ipitie kwenye getiwei?

Jibu: Kwa sababu sensa nyingi za viwandani haziijui intaneti. Sensa ya joto ya kikaushio hutoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20: 4 ni kipimo cha chini kabisa, 20 cha juu kabisa, na ukisoma 0 ujue waya umekatika. Mita na vidhibiti vingi huzungumza Modbus, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Modbus haitaji jina la kipimo, wala kizio, wala saa. Inakupa rejista za biti 16, basi.

Getiwei ni kompyuta ndogo inayofungwa ndani ya paneli. Ndiyo inayoigeuza namba tupu iwe taarifa kamili: hewa inayoingia kikaushio namba 2, nyuzi 104, tarehe na saa. Uwe makini hapo. Namba yenye desimali huchukua rejista mbili, na watengenezaji hawakubaliani ipi itangulie. Nyuzi 104 kamili zikipangwa kinyume husomeka karibu na sifuri. Kabla hujatuma chochote, simama kwenye mtambo na kipimajoto cha mkononi ulinganishe.

Swali: Kila muuzaji ananitajia MQTT. Inafanya nini hasa?

Jibu: Ni itifaki ya kutuma ujumbe mdogo kwenye mtandao dhaifu. Iliundwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya satelaiti, ambako kila baiti ililipiwa. Kichwa cha ujumbe wake kinaweza kuwa baiti 2 tu. Mwaka 2014 ikawa kiwango rasmi cha OASIS, shirika la viwango vya teknolojia.

Getiwei hutuma ujumbe kwa seva inayoitwa broka, ukiwa na anwani ya mada kama kiwanda/kikaushio2/joto. Anayehitaji data hiyo hujiandikisha kwenye mada. Kuna viwango vitatu vya uhakika: 0, ujumbe hutumwa bila kusubiri jibu; 1, hurudiwa hadi broka ikiri kuupokea; 2, hufika mara moja tu, lakini kwa mazungumzo marefu zaidi. Kwa vipimo vya kiwanda, kiwango cha 1 ndicho kinachofaa mara nyingi. Getiwei pia huacha wosia kwa broka. Ikipotea hewani ghafla, broka huutangaza wosia huo, nanyi mnajua kwamba ukimya ule ni hitilafu.

Swali: Mtandao ukikatika siku nzima, data ya siku hiyo imekwenda?

Jibu: Isiende. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mitambo haikusubiri nyaya zitengenezwe. Kwa hiyo getiwei iandike kila kipimo kwenye diski yake kwanza, ndipo itume. Tumia diski ya SSD ya viwandani. Memori kadi ya kawaida huchakaa haraka ikiandikwa mfululizo, na umeme ukikatika katikati ya kuandika huweza kuharibika.

Hesabu nafasi mapema. Sensa 200 zinazosoma mara moja kwa sekunde hutoa vipimo 17,280,000 kwa siku. Kila kimoja kikichukua baiti 100, hiyo ni takriban gigabaiti 1.7. Nafasi ya gigabaiti 32 itakubebea zaidi ya wiki mbili.

Jambo linalosahaulika ni hili: broka kukiri imepokea ujumbe haimaanishi kuwa umeshahifadhiwa. Seva ya broka ikizimika kabla ya kuupeleka kwenye hifadhi, ujumbe umepotea huku getiwei imeshaufuta. Weka foleni inayoandika kwenye diski kati ya broka na hifadhi, na getiwei ibaki na nakala kwa siku kadhaa hata baada ya kukiriwa. Mtandao ukirudi, vipimo vipya vitangulie ili wanaosimamia zamu waone hali ya sasa, vya zamani vifuate polepole.

Swali: Grafu yetu inaonyesha joto lilipanda usiku wa manane wakati kikaushio kilikuwa kimezimwa. Tatizo ni sensa?

Jibu: Anza na saa. Mfumo ukiandika muda ambao kipimo kilifika winguni, vipimo vilivyokwama kwa saa sita vitaonekana vimezaliwa usiku. Kila kipimo kipewe muda wake pale pale getiwei, kama barua inavyopigwa muhuri posta ilikotoka.

Hifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kisha skrini ndiyo iongeze saa tatu za Afrika Mashariki. Hakikisha getiwei ina saa yenye betri. Isiyo nayo, umeme ukirudi bila mtandao, huamka na tarehe ya zamani, na vipimo vyote vya asubuhi hiyo huandikwa kwa uongo. Tarehe ikiwa ya nyuma sana, hata vyeti vya usalama hukataliwa na muunganisho haufunguki.

Swali: Jumla ya umeme kwenye ripoti inazidi ya mita yenyewe. Imekuwaje?

Jibu: Inaelekea vipimo vimehesabiwa mara mbili. Kwa kiwango cha 1, jibu la broka likipotea njiani, getiwei hutuma tena ujumbe ule ule. Usijaribu kuzuia marudio njiani, yafanye yasidhuru. Kipe kila kipimo utambulisho unaotokana na jina la sensa, muda na namba ya mfuatano, na hifadhi ikiona utambulisho iliokwisha kuupokea isiongeze mstari mpya. Kwa umeme, tuma pia namba inayopanda ya mita yenyewe. Ukitoa ya asubuhi kwenye ya jioni unapata jibu sahihi hata kama vipimo vya katikati vimepotea au vimejirudia.

Swali: Mimi ni mhasibu. Gharama ya bando inanitisha. Tupunguze nini?

Jibu: Anza na mitetemo. Sensa moja ya mtetemo kwenye mota, ikisoma mara 10,000 kwa sekunde kwa baiti 2, hutoa gigabaiti 1.7 kwa siku, sawa na zile sensa 200 pamoja. Hesabu yake ifanyike kwenye getiwei, na kinachotumwa kiwe nguvu ya mtetemo katika kila masafa. Mawimbi ghafi yatumwe tu pale king'ora kinapolia.

Joto na mgandamizo vitumwe vinapobadilika kwa kiasi mlichokubaliana, mfano nusu nyuzi, na kila baada ya dakika chache hata visipobadilika, ili utulivu usichanganywe na sensa iliyokufa. Kisha bana ujumbe kabla ya kuutuma.

Swali: Vipimo vikifika winguni, vikae wapi?

Jibu: Mahali pawili. Vya karibuni vikae kwenye hifadhidata ya mfuatano wa muda, kwa ajili ya skrini na ving'ora. Vyote, bila kuguswa, vikae kwenye hifadhi ya bei nafuu ya mafaili, kwa muundo kama Parquet, vikipangwa kwa tarehe. Usiandike faili kwa kila ujumbe; mamilioni ya mafaili madogo huchelewesha utafutaji na kuongeza malipo. Kusanya ya saa nzima katika faili moja. Vituo vya data vilivyo Afrika vipo: Microsoft ilifungua Johannesburg mwaka 2019, na Amazon Cape Town mwaka 2020.

Swali: Na wadukuzi?

Jibu: Getiwei ndiyo ipige simu kwenda nje, kwa usimbaji fiche kupitia mlango 8883, na pasiwe na mlango ulio wazi wa kuingia kutoka intaneti. Kila getiwei iwe na cheti chake, ili ikiibwa ufute hicho kimoja. Ipewe ruhusa ya kusoma mitambo tu. Uamuzi wa kuzima boila ubaki kwenye vidhibiti vya kiwandani.

Swali: Mimi ni meneja. Nitajuaje kazi ni imara kabla sijasaini malipo ya mwisho?

Jibu: Jaribu mbele ya mkandarasi. Chagua sensa moja itume kila sekunde, chomoa antena kwa zamu nzima ya saa 8, kisha irudishe. Unatakiwa ukute vipimo 28,800 winguni, kila kimoja mara moja na kwa muda wake halisi. Siku ya pili chomoa antena tena, ukate na umeme wa getiwei kwa ghafla, uone kama vilivyokwisha andikwa vimesalimika. Visipotimia, usisaini, hata skrini iwe nzuri kiasi gani. Chai inatakiwa itoke kwenye kikaushio na unyevu wa takriban asilimia 3. Siku mnunuzi atakaporudisha shehena akidai ilizidi hapo, utetezi wako utakuwa vipimo vya zamu ile, na mara nyingi zamu yenye matatizo ndiyo ile ile iliyokatikiwa umeme na mtandao.